Mguu Usiguse Chini

Baiskeli yangu ilikuwa na gia ishirini na moja siku niliyoinunua. Leo ina moja. Watu wakiniona nahema kwenye vilima vya Muleba huniuliza kwa nini sibadilishi gia, nami huwa nawaangalia tu, maana nikijibu nitatukana, na mimi ni mwalimu.

Ilikuwa baiskeli ya mtumba, ya milimani, matairi manene yenye meno, rangi ya bluu iliyochubuka. Daktari alikuwa ameniambia presha yangu imepanda na kitambi changu kimeshuka, kwa hiyo nichague: mazoezi au vidonge. Nikachagua baiskeli. Kwa miezi miwili nilikuwa mfalme wa mtaa wetu wa Ijuganyondo. Kikija kilima nabofya kidude kwenye usukani, miguu inakuwa myepesi, napanda huku napiga kengele. Halafu zikaja mvua za masika, na ule udongo wetu mwekundu ukaingia kwenye gia, ukakauka humo humo. Cheni ikaanza kuruka. Ikaruka na kuruka, hadi siku moja kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni kikajikunja kwenye spoku, nami nikajikuta nimekaa mtaroni mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Nikaipeleka kwa fundi mjini Bukoba. Fundi huyu hufanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki, anayeuza vipuri kama alivyouza babu yake, na Kihaya chake kinawashinda wanangu. Fundi akaigeuza baiskeli miguu juu, akaizungusha cheni kidogo, akaguna.

"Mwalimu, gia ni ugonjwa," akasema. "Kila wiki utakuwa unaniletea hii. Niachie mpaka saa kumi."

Nikamwachia. Hapo ndipo nilipokosea. Niliporudi saa kumi alikuwa ameng'oa kila kitu: kikono, nyaya, vidude vya kwenye usukani, gia zote za nyuma. Mzee wa duka alikuwa amemtolea, kutoka boksi lenye vumbi la miaka, frii moja, ile gia ya nyuma ya baiskeli za zamani, zile za kubebea ndizi, na fundi akaifunga. Vilivyong'olewa vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya gazeti kama viungo vya kuku.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza. "Mimi nilikuambia utengeneze!"

"Nimetengeneza. Hii haitaharibika tena."

Mzee akachungulia kutoka dukani, akaniambia kwa Kihaya safi kwamba baba zetu walibeba mikungu mitatu kwa gia hiyo moja na hawakulia. Nikaondoka nimenuna. Na kweli, haijaharibika tena. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Sasa nimtaje baba yangu, maana yeye ndiye sababu ya mateso yote haya. Anaishi Buganguzi, huko Muleba, juu ya kilima, katikati ya kibanja alichoachiwa na baba yake: migomba, mibuni chini ya migomba, makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, anaishi naye. Baba alipata kiharusi. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, mguu wa kushoto ukarudi nusu. Muuguzi wa zahanati alisema wazi mbele yetu sote: mzee atembee kila siku, hata kidogo, la sivyo miguu itamfia yeye akiwa hai. Baba akamjibu, "Asante, waitu," kwa heshima zote. Muuguzi alipotoka, baba akaketi kwenye kiti chake cha barazani, na tangu hapo hakuinuka ila kwenda chooni na kitandani, tena kwa kushikiliwa.

Tulimbembeleza. Tulimgombeza. Dada alilia machozi. Mimi nilimletea fimbo nzuri kutoka mjini, akaamuru itundikwe ukutani.

"Nitembee niende wapi?" alisema. "Watu waniangalie navuta mguu? Mimi?"

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya ukaidi tu. Lakini huyu ujanani alikuwa mtu wa baiskeli, si ya kupunguza kitambi, ya kazi. Alibeba kahawa ya watu, alibeba ndizi mpaka gulioni Muleba, akarudi na chumvi, sabuni na mabati. Baiskeli nyeusi, nzito, gia moja. Mimi mtoto nilisimama barazani jioni nikiangalia kile kipande cha mwisho cha njia kinachoonekana kutoka nyumbani, pale migomba inapoachana. Alikuwa anatokea pale akiwa juu ya baiskeli, mgongo umenyooka, anakanyaga taratibu, jasho linamtiririka hadi kwenye ndevu. Baba za wenzangu walifika wanasukuma. Wangu alifika amepanda. Shuleni niliwatambia wenzangu kwa hilo mpaka wakanichoka.

Basi Jumamosi moja nikaenda kumwona kwa baiskeli hii niliyofanyiwa na fundi. Naipakia juu ya gari kutoka Bukoba, nashuka nayo njia panda, kisha nashika njia za miguu: navuka rweya, ile nyika yetu ya majani isiyolimwa, nateremka hadi mtoni kwenye daraja la magogo, halafu ndicho kilima chenyewe. Siku hiyo nilifika juu nasukuma, ulimi nje. Baba akaniangalia kutoka kitini, akacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu augue.

"Ukubwa wote huo unasukuma?"

"Tata, ina gia moja tu."

"Na yangu ilikuwa na ngapi?"

Hasira zikanipanda. Nimetoka Bukoba kuja kumwona, na zawadi yangu ni kuchekwa! Nikasema kwa kukurupuka, "Haya. Siku nikipanda kilima hiki mpaka hapa bila mguu kugusa chini, utatembea?"

Dada, aliyekuwa anamenya ndizi, akaacha kisu hewani.

"Kuanzia mtoni," akasema baba.

"Kuanzia mtoni."

"Ukipanda, nitatembea mpaka kwa mama wa kwenye kona. Lakini upande kweli. Sitaki uongo."

Tukashikana mikono. Wakati naondoka dada alinisindikiza hadi mwisho wa migomba, akaniambia, "Sasa miguu ya baba iko kwenye miguu yako. Usifanye mchezo."

Asiyejua baiskeli ya gia moja nimweleze. Hakuna cha kubadilisha. Tambarare miguu inazunguka bure. Mlimani pedali zinagoma. Dawa yake ni mwendo tu. Unatoka mtoni kwa kasi, unasimama juu ya pedali, unavuta usukani, na huachi. Ukisimama kwenye zile kokoto nyekundu huwezi kuanza tena: gurudumu la nyuma linakwaruza, la mbele linainuka, unalala ubavu watu wakikuona. Ukipoteza mwendo umepoteza mlima.

Na mlima huo una watu. Hapo sasa!

Kwetu mtu hampiti mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Unashika usukani kwa mkono mmoja, unainama, unaamkia, unaulizwa ulivyoamka, mke alivyoamka, watoto mmoja mmoja, mvua ya Bukoba, ndizi za Bukoba. Na wewe unauliza vyako vyote. Salamu ya Kihaya haikatwi katikati. Nilifundishwa hivyo kwa kiboko, na wanangu nimewafundisha hivyo hivyo, kiboko kidogo tu.

Jumamosi ya kwanza ya ahadi yetu nilitoka mtoni vizuri kabisa, na kabla sijafika popote nikamkuta mzee mmoja anakatia mbuzi wake majani kando ya njia. Nikashuka. Nikasukuma. Jumamosi ya pili mzee hakuwepo, nikampita mbuzi peke yake, nikafika kwenye kona, na kwenye kona nikamkuta yule mama.

Mama huyu ni wa rika la baba, mjane wa siku nyingi. Nyumba yake iko pale kilima kinapopinda, ukiwa umebakiza kama theluthi moja ya mlima. Chini ya upenu ana benchi la mbao, na mbele ya nyumba ana kiwanja kidogo cha kuanikia kahawa, mahali pekee palipo tambarare kutoka mtoni hadi kwetu. Alinipungia mkono, nikashuka. Tukaamkiana. Kisha akaingia ndani akatoka na kahawa za kutafuna, zile tunazochemsha na majani na kukausha, amezifunga kwenye jani la mgomba. Kahawa hiyo haikataliwi. Na haitafunwi juu ya baiskeli.

"Pumzika, tata," akaniambia, kama mama zetu wanavyowaita vijana wao hata wakiwa na mvi. "Kilima hakiendi popote."

Nilitafuna huku moyo unaniuma. Juu pale baba alikuwa kitini ananisubiri nitokee.

"Umeshuka?" aliniuliza nilipofika.

"Nimeshuka."

"Basi."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nikienda asubuhi na mapema, mama anafagia uani. Nikienda jua la utosi, mama anageuza kahawa zake. Nikienda wakati wa misa ya Jumamosi, mama kaumwa goti, hakwenda misa. Nikamwomba dada akamweleze.

"Nimweleze nini?" dada akaniuliza.

"Asinisalimie."

Aliniangalia kama nimemwambia akamtukane. "Niende kwa mama wa watu nimwambie asisalimie? Ebo! Nenda mwenyewe, msomi."

Nikaenda mwenyewe. Nikaketi kwenye benchi lake, nikatafuna kahawa yake, nikamweleza kwa adabu kwamba Jumamosi ijayo nikipita sitashuka, si dharau, ni mazoezi, na ni kwa ajili ya miguu ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema. Jumamosi iliyofuata nikapinda kona kwa kasi nzuri kuliko zote, na huyu hapa amesimama katikati ya njia, kahawa mkononi.

"Nimekuja njiani mwenyewe," akasema, "ili usihangaike kuingia uani."

Jamani! Nilishika breki nikainamisha kichwa kwenye usukani. Nilitaka kulia, sisemi uongo.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Dada alinionyesha kiatu cha baba cha kushoto: kilikuwa kinamvuka chenyewe, mguu umekonda ndani yake. Usiku silali, nahesabu kona za kilima kile. Darasani nilikuta mwanafunzi ameandika kwenye insha yake kwamba haraka haraka haina baraka, nikampigia mstari mwekundu, maskini, hakuwa na kosa.

Jumamosi moja nilichoka. Nilishuka kwa mama kama kawaida, nikaamkia, nikatafuna, nikapata pumzi. Halafu nikaona: kile kiwanja cha kahawa ni tambarare. Mtu akianzia mwisho wake mmoja na kukanyaga kwa nguvu, anapata mwendo wa kutosha kumalizia. Nikapandia pale. Nikakanyaga, nikapinda, nikatokea pale migomba inapoachana nikiwa juu ya baiskeli, mgongo umenyooka.

Uso wa baba ulibadilika. Akaweka mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti, akaanza kujiinua.

"Umepanda?"

Dada alikuwa nyuma yake mlangoni. Alinitumbulia macho, na macho yale yalikuwa yanasema neno moja tu: ndiyo. Nami neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Likagoma.

"Nilishuka kwenye kona, tata. Kwa mama."

Baba akarudi kukaa taratibu. "Ukapandia wapi tena?"

"Hapo kwenye kiwanja chake cha kahawa."

Akaangalia pembeni, kwenye migomba. Nilidhani nimemvunja moyo. "Kwenye kiwanja," alisema hatimaye, kama anajisemea mwenyewe, kisha akaomba maji ya kunywa.

Dada alinisonya mpaka nikaondoka. "Ungenyamaza tu, sasa hivi angekuwa anatembea!" Na alikuwa na haki. Wiki nzima nilijichukia. Nilijiuliza mwalimu gani huyu, anamnyima baba yake miguu kwa ajili ya ukweli wa baiskeli. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimekata shauri: uongo sitasema, lakini kushuka sitashuka. Awe mama, awe askofu, sitashuka.

Jumamosi hiyo njia ilikuwa kavu, mvua ilikuwa haijanyesha siku tatu. Muleba mjini nilinunua sato mkavu kwa mchuuzi mmoja aliyetoka Bumbire, maana baba anawapenda wa visiwani, nikamtia kwenye begi la mgongoni. Nikavuka rweya. Mtoni nilisimama, nikafunga kamba za viatu mara mbili, nikafanya ishara ya msalaba. Nikaondoka.

Mzee wa mbuzi hakuwepo. Nikakanyaga. Jasho likaniingia machoni, sikulifuta. Niliangalia gurudumu la mbele na kokoto zilizo mbele yake, basi. Kabla ya kona nikasikia sauti ya mama.

"Mwanangu! Mwanangu, shuka! Shuka, waitu!"

Alikuwa kando ya njia, anapunga mikono yote miwili. Nilikuwa na mwendo. Ungeniambia nini? Nilikuwa na mwendo ambao sijawahi kuwa nao.

"Shikamoo!" nikapiga kelele kuelekea chini, kwenye kokoto. Nilichagua ya Kiswahili kwa sababu ni fupi. "Narudi sasa hivi!"

Nikasikia sauti nyingine inasema kitu, sikuisikiliza. Nikapita. Mapaja yanawaka, kifua kinapiga kama mlango unaopigwa na upepo, nikapita kiwanja cha kahawa, nikaingia kipande cha mwisho, migomba ikaachana, nikaingia uani kwetu bila mguu wangu kugusa chini kuanzia daraja la magogo.

"Tata!" nikaita. "Tata, nimepanda!"

Kiti kilikuwa kitupu.

Blanketi lake lilikuwa limeanguka chini. Nikatupa begi barazani, nikaingia ndani, chumbani hayupo. Nikakimbilia chooni, hayupo. Nyuma kwenye makaburi, hayupo. Dada alikuwa gulioni. Nikampigia, simu yake inaita humo humo ndani, juu ya meza. Mawazo mabaya yakanijia yote kwa pamoja: ameanguka, wamembeba, amekufa, nami niko mlimani nacheza. Ndipo nikaangalia ukutani. Fimbo haikuwepo.

Na mama alikuwa anapunga mikono miwili. Siku zote hupunga mmoja.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Niliteremka kilima kile breki zinalia, mara mbili nusura niende migombani. Kwenye kona nikairusha baiskeli, nikaingia uani kwa mama.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya upenu. Fimbo kati ya magoti, kiatu cha kushoto kimefunguka kamba, na mkononi kahawa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Hatua chache kutoka njiani. Nilikuwa nimempita hatua chache tu.

"Shikamoo, tata," nikasema, nahema.

Hakuitika. Aliangalia viatu vyangu.

"Amekuja kwa miguu yake tangu asubuhi," akasema mama. "Amepumzika mara nne. Dada yako hajui. Akaniambia, simama njiani, akipita mshushe. Nikakuita, tata, si ulinisikia?"

Nilimsikia.

"Nilikuwa na jambo la kukuambia," akasema baba. "Wiki nzima halijaniacha nilale. Nikaona si la kumwambia mtu nimekaa kitini." Akakohoa. "Kilima hiki sijawahi kukipanda bila kushuka. Hata siku moja. Na mzigo? Nani anaweza? Nilikuwa nashuka kwa watu wa kule chini, naamkia. Nashuka hapa, naamkia, natafuna, napata pumzi. Halafu napandia hapo kwenye kahawa. Wewe ulikuwa unaniona kutoka barazani."

Mama akapiga benchi kwa kiganja. "Hili marehemu mume wangu alilichonga kwa ajili yake. Alisema, huyu mtu siku moja atatufia mlangoni."

Nilikasirika. Ningependa kusema kwamba niliguswa, lakini nilikasirika kwanza. Miezi yote ile! Magoti yangu, mapaja yangu, usingizi wangu, na mama wa watu niliyemwona kama adui! "Mbona hukusema?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa baba yake.

"Ningesemaje? Ulikuwa unatamba kwa hilo tangu mdogo. Na mimi nilikuwa nakaa kitini navuta blanketi, nikawa nimebaki na hilo tu." Ndipo akainua macho. "Nilikuona unapita. Nikakuita."

"Sikukuona, tata. Lakini niliamkia. Nilisema shikamoo."

"Ulisema. Ilinipita. Sijui ulimpa nani."

Hasira zote zikaniishia pale pale, nikabaki nimesimama na jasho langu.

Mguu wake ulikuwa umechoka, kupanda asingeweza. Baiskeli yangu haina keria, fundi aliona keria nayo ni ugonjwa. Basi tukampandisha juu ya kiti cha baiskeli, mimi na mama, nikamshika kiuno kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, nikaanza kusukuma. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Hatukwenda mbali, mwanamke mmoja akainua kichwa kutoka kwenye maharage yake, na baba akasema, "Simama." Nikasimama. Wakaamkiana mpaka watoto wa mwisho. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alitoka mzee mkongwe anayemzidi baba umri, na baba akaniambia, "Nishushe."

"Tata, utamwamkia kutoka hapo juu. Ataelewa, unaumwa."

"Nishushe."

Nikamshusha. Akasimama kwa fimbo yake, mguu unatetemeka, akainama kidogo, akaamkia salamu nzima bila kuruka neno. Nikampandisha tena. Mgongo ulikuwa unanivunjika. Kilima nilichokipanda kwa dakika chache kilituchukua mpaka jua likapinda.

Nyumbani nilimketisha kitini, nikamfunga kamba ya kiatu, nikamwekea blanketi. Begi lilikuwa wazi barazani na paka alikuwa amemmaliza yule sato wa Bumbire, amebakiza kichwa. Nikainama kukiokota, nimemgeuzia baba mgongo.

"Marahaba," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilitoka mtoni kwa mwendo mzuri sana, nimesimama juu ya pedali. Kwenye kona nikashika breki mwenyewe kabla ya kuitwa, nikaweka mguu chini. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wawili.